Soma Faili Lako Ungali Chuoni

Fomu ya afya ya kujiunga na chuo hujazwa harakaharaka. Mwanafunzi mgeni yuko kwenye foleni, mawazo yako kwenye chumba cha bweni na usajili wa masomo, na mbele yake kuna karatasi inayomuuliza magonjwa aliyowahi kuugua, chanjo alizopata, dawa zinazomdhuru na nani apigiwe simu akizidiwa. Anajaza anavyokumbuka, anapimwa uzito, presha na macho, muhuri unagongwa, anasogea dirisha linalofuata. Karatasi ile inakuwa ukurasa wa kwanza wa faili litakalonenepa kila anapougua, na wengi hawalioni tena mpaka siku wanapolihitaji kwa dharura.

Mimi nililiona langu mwaka wa pili, bila dharura yoyote, kwa kuwa sehemu niliyopangiwa mafunzo kwa vitendo ilidai maelezo ya afya yangu. Nashukuru ilikuwa hivyo, maana niliyoyakuta mle ndani si ya kuyagundua ukiwa umelala kitandani huna nguvu ya kusema.

Nilikwenda masjala ya zahanati nikijua neno moja tu la kusema: naomba rekodi zangu. Mama aliyekuwa dirishani, mtu mzima, aliitikia shikamoo yangu kisha akaniuliza swali ambalo naona kila mwanafunzi angeulizwa siku ya kwanza chuoni: "Unataka barua, mwanangu, unataka muhtasari, au unataka nakala ya faili zima?"

Hivyo ni vitu vitatu mbalimbali, na ukikosea cha kuomba utarudi. Barua ya daktari huandikwa kwa shughuli moja: umekosa mtihani, unahitaji muda zaidi, unafaa au hufai kushiriki michezo. Ina mistari michache na inazungumza na mtu fulani. Muhtasari unampa daktari mwingine picha yako kwa ujumla: magonjwa uliyonayo, dawa unazotumia na vipimo vyake, dawa zinazokudhuru, chanjo, na ulipolazwa au kufanyiwa upasuaji kama ilitokea. Nakala ya faili zima ni kila kitu: maelezo ya kila siku uliyomwona daktari, karatasi za maabara, barua za rufaa, fomu ulizotia saini. Mahali pa mafunzo palitosheka na muhtasari. Nikachukua muhtasari kwa ajili yao, na nikaomba faili zima kwa ajili yangu. Mama yule hakushangaa. Alinipa fomu ya ombi, akakagua kitambulisho na namba ya usajili, akaandika tarehe, akanigongea muhuri nakala ya ombi nibaki nayo.

Nakala ile ya ombi itunze. Nchi nyingi leo zina sheria inayompa mtu haki ya kuona taarifa zake na kuomba zirekebishwe: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inampa anayetunza taarifa mwezi mmoja wa kujibu ombi. Marekani, jambo ambalo huwachanganya hata wenyeji, kumbukumbu za zahanati ya chuo mara nyingi hazimo chini ya sheria ya mwaka 1996 inayobana hospitali. Ziko chini ya sheria ya kumbukumbu za elimu ya mwaka 1974. Mwanafunzi hana haja ya kukariri vifungu. Inatosha ajue kwamba siku zinahesabiwa kuanzia ombi lilipopokelewa, na kwamba ombi la maandishi lina tarehe unayoweza kuionyesha, la mdomo halina.

Nilipopata kurasa zangu sikuzielewa. Maandishi yalikuwa mafupi, yamejaa vifupisho, kama watu wawili wanaoongea mbele yako kwa mafumbo. Nesi mmoja alinikalisha akanionyesha mpangilio wake. Maelezo ya kila ziara yana sehemu nne: kwanza aliyosema mgonjwa, pili aliyoyaona na kuyapima daktari, tatu anachodhani ndicho ugonjwa, nne atakachofanya. Mpangilio huo unatokana na kazi ya daktari Mmarekani Lawrence Weed, aliyetetea mwaka 1968 kwamba kumbukumbu za mgonjwa zipangwe kwa kufuata matatizo yake, si kurundikwa tu jinsi zinavyoingia. Ukishaujua unasoma faili lolote. Vilevile kuna namba za magonjwa zinazotumika dunia nzima kutoka Shirika la Afya Duniani. Ukiona J45, kwa mfano, hiyo ni pumu. Unaweza kuona namba ya ugonjwa ambao hujawahi kuambiwa unao, na hapo una haki ya kuuliza. Wakati mwingine daktari aliiandika kama shaka tu, akisubiri vipimo, kisha vipimo vikasema siyo lakini namba ikabaki.

Sasa nilichokikuta. Tangu utotoni naambiwa nisipewe penisilini. Niliiandika kwenye fomu ya kujiunga, nakumbuka vizuri kwa sababu mama yangu alikuwa amenisisitizia kwa simu asubuhi ile. Kwenye faili nililopewa, mahali pa dawa zinazomdhuru mgonjwa palikuwa tupu.

Maelezo yalikuwa mepesi na ya kusikitisha. Zahanati ilikuwa imehama kutoka mafaili ya karatasi kwenda mfumo wa kompyuta. Waliopewa kazi ya kuingiza taarifa waliingiza jina, namba ya usajili, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na bima. Mengine yalibaki kwenye karatasi, na karatasi zilibaki stoo. Daktari aliyekuja baadaye anatazama skrini, na skrini inamwonyesha nafasi wazi. Nafasi wazi huyo daktari anaisoma vipi? Inaweza kuwa na maana kwamba mgonjwa ameulizwa na hana tatizo na dawa yoyote. Inaweza pia kuwa na maana kwamba hakuna aliyeuliza. Mifumo mizuri inamlazimu anayejaza achague moja kati ya hayo mawili. Huu wa kwetu uliruhusu kimya, na katika tiba kimya husomwa kama "hana".

Lililoniuma zaidi lilikuwa ukurasa wa ziara moja ya koo. Daktari alitaka kuniandikia amoksilini, nikamwambia hiyo ni ndugu wa penisilini na mimi sipewi, akanishukuru, akanibadilishia dawa. Nilitoka pale nikiamini sasa wanajua. Kwenye faili kulikuwa na dawa mpya tu. Sababu ya kubadilisha haikuandikwa popote. Nilichosema kiliishia masikioni mwa mtu mmoja, na mtu huyo baadaye alihama kazi.

Tangu siku hiyo nina desturi ambayo nawasihi wengine waige: kabla ya kuinuka kwenye kiti cha daktari, ukiwa umemweleza jambo zito kuhusu mwili wako, muulize kwa adabu, "Daktari, hilo umeliandika?" Hakuna daktari aliyewahi kunikasirikia. Wengi hugeuza skrini wanionyeshe.

Kurekebisha hakukuwa kugumu, ila kulikuwa na utaratibu. Wanafunzi wengi hudhani kusahihisha faili ni kufuta. Siyo. Kwenye karatasi, kosa hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya chini yasomeke, kisha huandikwa lililo sahihi, tarehe na saini. Kwenye kompyuta huongezwa maelezo mapya na ya zamani hubaki kwenye historia. Mwanzoni niliona ni ukaidi, nikitaka yaliyokosewa yatoweke. Baadaye nilielewa kwamba kama mtu angeweza kufuta kimyakimya, basi siku daktari amekosea kunitibu, ushahidi wangu nao ungefutika. Sasa ningepinga kwa nguvu zote mfumo unaoruhusu kufuta bila alama.

Daktari aliyenisikiliza hakuridhika na maneno "ana aleji ya penisilini". Akaniuliza: ni dawa gani hasa? Ulikuwa na umri gani? Ulitokwa na nini? Ulivimba midomo? Ulishindwa kupumua? Ilikuwa dakika chache baada ya kumeza, au siku ya pili, ya tatu? Ikabidi nimpigie mama pale pale. Mama akaeleza: amoksilini ya maji, mtoto wa miaka mitatu, vipele mwili mzima siku ya tatu, hakuvimba, alipumua vizuri. Daktari akaandika vyote hivyo, neno kwa neno. Akanifafanulia kwamba Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 ameandikiwa kwenye faili kuwa penisilini inamdhuru, na wakipimwa vizuri walio wengi mno hukutwa wanaweza kuitumia. Wengine hawakuwahi kuwa na aleji hiyo, vipele vilitokana na virusi vilivyomlaza mtoto. Wengine waliwahi, ikaisha kwa miaka. Na kibandiko hicho kina gharama: mgonjwa hupewa dawa kali zaidi au zisizomfaa sana kwa sababu ile iliyo bora imefungwa. Kwa hiyo akaongeza mstari wa mwisho, kwamba nipimwe na mtaalamu nitakapopata nafasi, na mpaka hapo nisipewe.

Kabla ya kufunga faili nikakuta karatasi ya maabara isiyo yangu. Majina mawili kati ya matatu tulifanana na mwenzangu mmoja, mwaka mmoja, na mtu aliiweka panapofanana. Niliirudisha bila kusoma majibu, na nikawaambia wamtafute mwenyewe, kwa sababu kama karatasi yake iko kwangu, basi daktari wake hajaiona. Ndiyo maana namba ya usajili na tarehe ya kuzaliwa zinaulizwa kila unapokwenda, hata kama nesi anakufahamu. Zamani niliona ni usumbufu.

Habari ya usiri niliijua kwa njia nyingine, na ilimhusu mama yangu. Nililazwa usiku kwa homa kali, simu yangu ikazima. Mama akapiga zahanati. Nesi wa zamu akamjibu kwa upole kwamba hawezi kumweleza kwa simu habari za mgonjwa yeyote, wala kusema kama yupo au hayupo, ila akiwa na ujumbe atauandika. Mama alilia. Alinieleza baadaye, akiwa bado na uchungu: "Mimi niliyekuzaa naambiwa siwezi kujua kama u mzima?"

Sikuweza kumlaumu nesi na sikuweza kumlaumu mama. Nilikuwa nimepita miaka 18, na mwanafunzi wa umri huo ndiye mwenye taarifa zake. Nesi hakuwa na njia ya kujua sauti ile ni ya mama yangu au ya mtu anayenitafuta kwa ubaya. Na yapo mambo ambayo wanafunzi wenzangu walikwenda kupimwa pale kwa sababu tu waliamini hayatafika nyumbani. Siku imani hiyo ikivunjwa kwa mmoja, wengine wataacha kwenda kupima. Hilo ndilo nililomweleza mama, na alilielewa taratibu.

Lakini nilijifunza pia kwamba uchungu ule haukuwa wa lazima. Jina la mama lilikuwepo kwenye faili kama mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, nami nilidhani hiyo inatosha. Haitoshi. Mtu wa dharura ni wa kupigiwa na zahanati ikiona hatari. Hapati ruhusa ya kuulizia habari zako. Ruhusa ni fomu nyingine, unayotia saini wewe, ikimtaja mtu kwa jina, ikisema aambiwe nini na mpaka lini. Unaweza kuandika aambiwe tu kama nimelazwa na hali yangu, asipewe majibu ya vipimo. Unaweza kuiondoa wakati wowote. Nilimwandikia mama fomu hiyo wiki iliyofuata, kwa mipaka niliyoichagua mwenyewe, na nikamweleza mipaka hiyo ana kwa ana. Naamini mazungumzo hayo kila mwanafunzi angeyafanya na wazazi wake kabla hajaugua.

Upande wa walimu ni mfupi zaidi. Mwenzetu mmoja aliomba kuahirisha mtihani, mhadhiri akamtaka aseme anaumwa nini, mbele ya watu. Msichana wa watu akasema. Hakulazimika. Barua ya daktari ya shughuli hiyo inahitaji kusema kwamba mwanafunzi alionwa tarehe fulani, hakuwa katika hali ya kufanya mtihani, na kwa muda gani. Jina la ugonjwa si kazi ya idara. Ukipewa barua yenye jina la ugonjwa, irudishe dirishani uombe nyingine; nimefanya hivyo na nikaandikiwa bila maswali. Na barua kama hiyo ipeleke kwa mhusika mwenyewe. Nimeona barua za wagonjwa zikipigwa picha na kutumwa kwenye kundi la simu la darasa ili kiongozi wa darasa "awasilishe". Picha ikishafika kwenye simu za watu mia, hakuna sheria itakayoirudisha.

Nenosiri la mfumo wa wanafunzi nalo ni hivyohivyo. Chuo kinapounganisha majibu ya maabara kwenye akaunti ileile ya matokeo ya mitihani, rafiki uliyempa nenosiri akuangalizie alama anaweza kuona pia ulipimwa nini. Wengi hawalifikirii hili kabisa. Badilisha nenosiri, na usiingie kwenye kompyuta ya watu wote ukaondoka bila kutoka kwenye akaunti.

Ninapowaona wanaomaliza mwaka wa mwisho, huwa nawakumbusha zahanati kabla ya joho. Akaunti ya mfumo mara nyingi imefungwa kwenye barua pepe ya chuo, na barua pepe hiyo hufungwa baada ya kuhitimu. Mafaili nayo hayatunzwi milele. Kila mahali pana miaka yake, ikiisha yanateketezwa. Nilichukua muhtasari mpya, orodha ya dawa, majibu yote ya maabara, na kumbukumbu za chanjo zenye tarehe na namba ya toleo la dawa. Hizi za chanjo ndizo watu huzidharau kuliko zote. Cheti cha kimataifa cha homa ya manjano, kwa mfano, tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote ya mtu, hata kama kimeandikwa miaka 10. Ukikipoteza na aliyekuchanja hana kumbukumbu, unachanjwa upya.

Rafiki yangu wa uuguzi alikutwa na kubwa zaidi. Alikamilisha dozi zake tatu za homa ya ini aina ya B, ile ya mwanzo, ya baada ya mwezi, na ya mwezi wa sita, kisha akapimwa kinga mwezi uliofuata ikaonekana imejenga vizuri. Karatasi ya kipimo ikabaki chuoni. Miaka baadaye hospitali iliyomwajiri ikampima, kiwango kikawa kimeshuka chini ya 10 (kwa kizio cha maabara cha mIU/mL), na 10 ndicho kiwango cha chini cha kuhesabiwa una kinga. Kinga hii hushuka kwenye kipimo lakini mwili hukumbuka, na mtu aliyewahi kuvuka 10 baada ya dozi kamili huhesabiwa amelindwa. Angekuwa na ile karatasi, yangeisha. Hakuwa nayo, ikabidi arudie sindano na kupimwa tena.

Kuna sehemu moja ya faili sikuichukua. Nilizungumza na mshauri nasaha wakati fulani, na maandishi yake ya mazungumzo yetu hutunzwa kando, kwa utaratibu wake, tofauti na faili la matibabu. Nilimuuliza kama nayahitaji. Tukakubaliana aniandikie ukurasa mmoja: nilikuja kwa sababu gani, tulifanya nini, niendelee vipi nikihitaji. Ukurasa huo unanitosha, na yale mengine nafurahi yamebaki pale yalipo.

Kile kipimo cha penisilini nilikifanya baada ya kuhitimu, kwa mtaalamu, nikiwa chini ya uangalizi. Majibu yalionyesha naweza kuitumia. Nilidhani habari zimeisha, mtaalamu akanionya kwamba faili halina miguu: kila palipoandikwa kwamba penisilini inanidhuru, pataendelea kusema hivyo mpaka mtu apeleke karatasi. Nikatuma nakala kwa daktari wangu wa sasa, kwa watu wa bima, mahali nilipofanyia mafunzo, na kwenye zahanati ya chuo, nikiwaomba wote wanitumie ukurasa uliorekebishwa. Zahanati ya chuo ndiyo iliyojibu kwanza.